Nauli ya Kwenda Temeke

Watu wakijua mdogo wangu alikuwa teja na saa hizi yuko vizuri, wote wanauliza swali lilelile, mlimfanyaje mpaka akakubali? Wanataka stori ya kikao. Na kikao naweza kukisimulia vizuri tu, kina utamu wake, ila kikao chenyewe kilichukua saa mbili na nusu, Jumapili moja ya Agosti 2022 baada ya Alasiri, na kilichofuata mpaka leo hakijaisha. Sisi tulijipanga kwa ajili ya kikao. Wiki nzima simu zinapigwa, baba mkubwa kapanda basi kutoka Morogoro, shangazi kachinja kuku wake wawili, kila mtu anajua atakaa wapi na nani ataanza kuongea. Ya Jumatatu hakuna aliyejipanga nayo.

Ntamwita Dogo, ndo tunavyomwita nyumbani hata bila kuficha jina.

Tunaishi Yombo, Dar, nyumba ya Mama. Dogo alianza na bangi akiwa shule, afu akaingia kwenye kokteli, ile ya unga, yaani heroini, kuchanganywa na bangi, na sisi tulikuwa tunasikia harufu ya bangi tu, kwa hiyo miaka miwili mizima tunamgombeza kwa kosa dogo wakati kosa kubwa linaendelea humohumo ndani ya msokoto. Akapewa bajaji ya mtu aendeshe, akauza betri. Akawa mpiga debe. Siku moja niko kwenye daladala, gari limesimama Tandika linajaza, nikamwona katikati ya watu kainama ile staili yao, magoti yamekunjika, kichwa kinashuka mpaka unasema sasa anagusa lami, hagusi, ananyanyuka kidogo, anashuka tena. Abiria wa siti ya mbele akacheka, akasema "hawa huwa hawaanguki hawa." Gari zima likacheka. Na mi nikacheka. Gari likaondoka. Hii Mama hajui, na ninavyoandika hapa natumaini hatosoma.

Kilichotufanya tuitishe kikao sio huruma, niseme ukweli. Mtaa wa pili walimkamata kijana na simu ya watu, wakampiga, tairi lilishafika, bahati mjumbe naye akafika. Hakuwa Dogo, ila Mama alikimbia pekupeku mpaka pale akidhani ni Dogo, na aliporudi alikaa kizingitini hakuongea mpaka Magharibi. Usiku akasema, mwite baba yako mkubwa.

Sasa mi kwenye kikao nilikuwa na orodha. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu kila kitu kilichopotea nyumbani kuanzia 2019. Flati skrini. Mtungi wa gesi, mara mbili. Sufuria za shughuli ambazo sio zetu, za kikundi cha kina mama. Kanga za Mama doti nne ambazo hata hazijafumuliwa. Laptopu ya shemeji yenu, mume wangu. Nasoma kimoja kimoja, Dogo kakaa kwenye mkeka anachomoa ukindu, hajainua macho, na watu wanaguna kwa kila kitu kama vile tuko kwenye mnada. Nilipomaliza nikafunga daftari nikijiona hakimu. Kimya. Afu Dogo akasema, bila kuangalia mtu, "Na hereni za bibi."

Hereni za bibi, dhahabu, zilipotea 2020. Tulimfukuza dada wa kazi kwa ajili yake. Binti wa Singida, alikuwa na kama miaka kumi na tisa hivi. Na nikisema tulimfukuza naficha kidogo, ni mimi ndo nilimwaga begi lake uani majirani wanaangalia, nikapekua mpaka nguo za ndani, sikukuta kitu, nikasema basi keshaziuza. Aliondoka bila mshahara wake wa miezi miwili, eti sisi ndo tunamdai. Yaani tulimkata. Bibi alifariki mwaka uliofuata.

Hakuna aliyeguna kwa hiyo ya mwisho. Baba mkubwa akakohoa, akaendelea na nasaha zake, na kikao kikaisha Dogo kakubali kwenda soba, zile nyumba wanakokaa mateja ili waache, tukala wali kuku. Hiyo ya hereni ikafunikwa na sahani.

Soba hausi tuliyompeleka siitaji, na sio kwamba zote ni mbaya, kuna vijana nawafahamu wametoka huko na mwaka wa saba huu wako klini, hawagusi kitu. Wana mtindo wao, hatua kumi na mbili, mikutano, mtu anasimama anasema naitwa fulani mimi ni mraibu, wenzake wanamwitikia. Dogo alikaa miezi minne. Alinenepa. Tulikuwa tunalipa kwa mwezi, mimi na dada yangu wa Mwanza tunachangiana, na kila tukienda kumtembelea tunamkuta ananukia sabuni, anapiga stori, Mama anarudi anaimba kwenye daladala. Tukasema kapona. Hilo neno kapona lilitugharimu. Maana mtu aliyepona unamfanyia nini? Unamkaribisha nyumbani, unampa hongera, afu unarudi kazini kwako.

Alitoka Desemba. Wiki ya tatu, Januari 2023, Mama anasikia mtu anakoroma chooni. Choo cha uani. Anasema ulikuwa mkoromo wa ajabu, kama mtu anayevuta maji na hewa kwa pamoja, afu unakata, anahesabu, unarudi. Walivunja mlango. Midomo imebadilika rangi, kucha hivohivo. Fundi seremala wa jirani akamlaza ubavu, sijui hata alijulia wapi, na hiyo ndo ilimsaidia maana alikuwa anatapika, angelala chali yangeingia kwenye mapafu. Bajaji mpaka hospitali, akachomwa sindano, akaamka na hasira kama vile tumemwibia.

Daktari kijana tu yule, akatuuliza, ametoka wapi huyu, jela au soba? Nikashangaa kajuaje. Akatuelezea pale pale koridoni. Mtu akikaa miezi bila unga mwili unasahau, ule usugu unaisha, afu kichwa hakijasahau. Anarudi anachukua kile kiwango chake cha zamani, ambacho zamani kilikuwa kinamtoa arosto tu, yale maumivu ya kukosa unga, na sasa kinamzimisha. Kwa hiyo wiki za mwanzo baada ya kutoka ndo za hatari kuliko hata wakati alipokuwa anatumia kila siku. Wiki hizo hizo ambazo sisi tulikuwa tunamwacha peke yake nyumbani kwa sababu kapona. Mtu anapotoka soba, kikaratasi cha kwanza familia kupewa kingekuwa cha hilo, kabla hata ya risiti.

Aliyetuletea mtu wa methadoni, ile dawa ya hospitali wanayopewa mateja badala ya unga, ni fundi seremala yuleyule. Binamu yake ni mwelimisha rika kwenye asasi moja, wale wanaozunguka maskani kwa maskani kuongea na vijana, na yeye mwenyewe alitumia miaka kumi na moja. Akaja nyumbani kakaa kwenye stuli ya vitumbua ya Mama, akasema mi nilianza kunywa dozi Muhimbili mwanzo mwanzo kabisa, huduma ilipoanza Februari 2011, kabla Mwananyamala haijafungua, kabla Temeke. Akasema ni bure. Akasema dawa haikupi stimu, inakuondolea arosto tu, ukinywa leo inakushikilia mpaka kesho, kwa hiyo ile saa yako ya kuamka na kuanza kuwaza ntapata wapi hela, hiyo saa inakuwa tupu, na kazi yenu familia ni kuijaza. Mama akauliza, atakunywa mpaka lini? Akasema, mama, kwani presha yako unakunywa dawa mpaka lini?

Hapo shemeji yenu akaninong'oneza kwamba hii si ni kubadilisha unga wa pusha na unga wa serikali. Na sio yeye tu, hata baadhi ya wale wa soba wanasema hivo, kwamba wa methadoni hayuko klini. Mi siingii kwenye ugomvi huo. Nilimwona mdogo wangu chooni. Mtu anayekunywa dawa anaamka asubuhi, na ukiamka asubuhi ndo tunaweza kubishana uko klini au hauko.

Basi Februari akaanza. Wakampima kwanza, VVU, kifua kikuu, homa ya ini, wakamwandikisha, wakataka na ndugu wa kusimama naye, nikasimama mimi. Wanaanza na kiwango kidogo wanapandisha taratibu. Dawa ni ya maji, unapewa kwenye kikombe dirishani, unakunywa mbele ya mtoa dawa, unaongezewa maji unakunywa tena, afu anakuongelesha. "Habari ya nyumbani?" Unajibu nzuri. Siku ya kwanza nikaona wana heshima kweli hawa, kila mtu anasalimiwa. Dogo akacheka, akasema da' mkubwa, wanaangalia kama umemeza, kuna watu wanaificha mdomoni waende kuiuza.

Na ni kila siku. Jumapili, sikukuu, mvua ile ya Dar inayogeuza barabara kuwa mto. Ukikosa siku kadhaa mfululizo hawakupi tena kiwango chako, wanakushusha waanze kukupandisha upya, sababu ni ileile ya usugu.

Kila siku maana yake nauli kila siku. Na hapa ndo yalipo makala yangu yote.

Kutoka kwetu mpaka Temeke wakati ule ilikuwa jero, mia tano, kwenda na jero kurudi, buku, yaani elfu moja. Buku sio hela. Ila kwa miaka minne hakuna mtu kwenye ile nyumba aliyewahi kumshikisha Dogo hela mkononi, hata ya chumvi. Tulikuwa tumeshajua, mpe chakula, mpe nguo (nguo nazo akauza), hela usimpe. Ukimpa buku kichwani unaiona inaelekea wapi, ukiongeza kidogo ni kete ya unga. Sasa leo tiba yake inaanzia na mimi kumpa hela mkononi saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumwangalia anaondoka nayo.

Sikuweza. Mwezi wa kwanza nilikuwa naenda naye, nachelewa kazini, bosi akaanza kuniangalia vile. Mwezi wa pili nikatafuta bodaboda wa kuaminika, namtumia yeye hela kwenye simu anampeleka anamsubiri anamrudisha, na jioni ananipa ripoti, yaani nimeajiri mpelelezi, na Dogo anajua. Siku moja akaniambia, "Da' mkubwa, pale dirishani wenzangu wananiita mheshimiwa. Naletwa na usafiri." Akacheka. Mi nikaona kaniheshimu. Sikuona kwamba kijana wa miaka ishirini na sita anapelekwa kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa tatu hela ya boda ikanishinda nikaanza kumpa buku. Na nikawa askari. Akirudi namwambia pumua. Nanusa shati. Nimepanga simu yangu imuite kila nusu saa. Na macho. Nilikuwa nimesoma kwenye intaneti kwamba mtu akitumia unga mboni za macho zinasinyaa zinakuwa kama ncha ya sindano, kwa hiyo kila akirudi namvuta mpaka dirishani kwenye mwanga, nafungua jicho kwa vidole viwili kama daktari wa mifugo. Siku moja, ilikuwa Jumanne, kachelewa saa nzima, anatoka jasho, anasinziasinzia, nikafungua jicho, nikaona kinukta. Kinukta kabisa. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, ila lile la Mama atakufa kwa ajili yako lilikuwemo. Yeye kakaa kwenye ndoo anasema nimekunywa dozi tu, nimekunywa dozi tu, wamenipandishia, foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia twende sasa hivi.

Tukaenda. Dada wa ustawi wa jamii pale kliniki akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akasema jana na leo amekunywa, na leo kweli kapandishiwa. Afu akasema kwa upole tu, "Dada, methadoni nayo ni jamii hiyohiyo ya dawa. Inasinyaza mboni. Jasho ni yenyewe, usingizi wa siku za kupandishiwa ni wenyewe, na asipopata choo siku tatu ni yenyewe. Ukitaka kujua kama anatumia, sisi tunapima mkojo. Wewe sio mkojo." Nilicheka kwa aibu. Dogo hakucheka. Njia nzima ya kurudi aliangalia nje, na konda alipodai nauli akalipa ya wote wawili, na buku yangu ya asubuhi ilishaisha kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo hiyo hela aliitoa wapi? Nikashika mdomo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza nimeushika, na nilihisi kama nameza jiwe. (Alipewa na mwenzake wa foleni, nilijua baadaye bila kuuliza.)

Kitu alichoniambia dada wa ustawi ambacho nimebaki nacho ni kile cha hatari za kweli, ambazo mi wala sikuwa naziangalia. Nilikuwa nahangaika na macho wakati ilitakiwa niangalie vidonge vya usingizi na pombe, kwa sababu hivyo vikikutana na methadoni ndo vinazima pumzi, na vijana wengi wakikosa stimu wanatafuta hivyo. Kwetu vidonge hivyo vilikuwepo, vya marehemu bibi, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, toka 2021. Askari mzima nanusa mashati na silaha iko juu ya kabati.

Mama yeye alikuwa na njia yake na hakunishirikisha. Mama anapika vitumbua asubuhi barazani. Dogo akaanza kumsaidia, kuwasha mkaa, kusaga mchele jioni, mwisho akawa anachoma mwenyewe. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa unatetemeka, mafuta yanamwagika kwenye jiko, moto unaruka, vitumbua vinatoka na mikia. Wateja wakawa wanacheka vitumbua vya komba. Mama anamwambia tu, zungusha kijiti, usikisukume, kizungushe. Saa moja kasoro anavua aproni anaenda dozi, saa tatu karudi. Sasa siku moja niko likizo, natoka nje nakuta Mama hayupo, kaenda msibani toka alfajiri, na Dogo kakaa na kopo la hela. Kopo la blubendi lenye hela za asubuhi nzima, kama elfu thelathini na nane. Peke yake. Nilisimama mlangoni moyo unanidunda, nikampigia Mama simu nikiwa nimejificha nyuma ya pazia. Mama akasema, "Kwani vitumbua vimeisha?" Nikasema havijaisha. "Basi akiishiwa chenji mpe."

Niligombana na Mama jioni. Nikamwambia unamweka kwenye majaribu. Akaniambia, mimi huyu nimeshampoteza mara mbili, hela za vitumbua nimepoteza mara ngapi? Mi nikaona ni ujinga wa uzazi. Bado sina uhakika kama sio ujinga, niseme tu ukweli, kuna nyumba ambayo kopo lile lingeondoka na mtoto. Kwetu halikuondoka.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia hata miezi miwili ya dozi haijafika. Dozi inanywewa mchana. Shehe wa msikitini kwetu alishamwambia mgonjwa ana ruhusa, ni wazi kabisa, lakini ruhusa ya Mungu ni moja na macho ya mtaa ni mengine. Kuna mama mmoja alimwona anakunywa maji stendi akasema si nilisema, mateja hawaponi. Dogo hakumjibu. Alichofanya, akirudi kutoka dozi alikuwa hali wala hanywi tena mpaka futari, anasema sio funga, ni heshima. Sijui kifiqhi inaitwaje. Mama alikuwa anampakulia wa kwanza.

Na Desemba hiyo, mara mbili kwa mpigo. Nauli zikapanda, jero ikawa mia sita, kwa hiyo kwenda na kurudi buku na mia mbili. Na Mamlaka ya dawa za kulevya wakatangaza wamekamata kilo 3,182, heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Tuko sebuleni wote, taarifa ya habari, wakaonyesha vile vifurushi vimepangwa mezani, vingi kama matofali ya kujengea. Baba mdogo alikuwepo, anashangilia, safi sana, wakamatwe. Nikamwangalia Dogo. Alikuwa ameacha kutafuna. Jasho kwenye mdomo wa juu. Akanyanyuka akatoka nje, nikasikia anachota maji, ndoo, ndoo nyingine, mapipa yote yalijaa usiku ule. Miezi kumi ya dozi, na picha tu kwenye tivii. Nilifikiri habari njema kwake ni habari njema. Toka siku hiyo mtu akiweka taarifa ya namna hiyo Mama anahamisha stesheni anasema anataka taarabu, na mi nilijifunza kutomfuata nje. Anachota maji, anamaliza, anarudi.

Alirudi nyuma mara moja, Machi 2024. Siongezi chumvi wala sipunguzi, alikosa dozi siku mbili, akatumia, siku ya tatu akaenda mwenyewe kliniki akawaambia kabla hajapimwa. Sisi alituambia jioni akiwa anaosha mchele. Baba mkubwa alipopata habari akataka kikao kingine. Mama akamwambia, shemeji, nauli ya kutoka Morogoro nitumie tu kwenye simu.

Sasa hereni.

Kuanzia kama Aprili Dogo akawa ananunua kila kitu kwa hela yake, Mama anampa elfu tatu kwa siku, nauli anajilipia. Na akawa na kibubu. Cha mbao, alitengenezewa na fundi seremala, hakina mlango, mpaka uvunje. Niliulizia cha nini akasema kuna deni. Nikahisi labda pusha, nikakosa usingizi wiki nzima, kumbe. Juni akaja chumbani kwangu na kibubu na nyundo akasema da' mkubwa hesabu wewe. Buku, jero, coin za mia mbili. Laki moja na kumi na nne. Akasema mshahara wa miezi miwili wa yule dada ilikuwa sitini sitini, bado elfu sita, na za hereni sitaweza lakini hizo ni zenu, za kwake ni hizi. Nikatoa elfu sita. Afu nikatoa sitini nyingine, maana begi nililimwaga mimi.

Namba ya yule dada wa kazi tuliipata kwa mtu aliyetuletea yeye, akatupa kwa masharti kwamba tusimsumbue. Tulituma hela kwanza, Dogo ndo alitaka hivo, asije akadhani tunapiga kumuomba kitu. Likaja jina la mwanaume, tukasita, tukabonyeza. Afu tukapiga, simu katikati ya kitanda, loudi spika.

"Nani mwenzangu?"

Dogo akajitambulisha. Kwanza yule dada hakumkumbuka, Dogo akasema Yombo, akakumbuka. Kimya, nyuma yake kuna jogoo na mtoto analia. Dogo akasema yote moja kwa moja kama mtu anayeogopa salio litaisha, kwamba hereni nilichukua mimi, nilikuwa natumia unga, wewe ulifukuzwa kwa sababu yangu, mshahara wako ndo huo. Hakujibu. Mtoto akanyamaza, nadhani alimpa nyonyo. Afu akauliza, "Bibi anaendeleaje?"

Dogo akaniangalia. Nikasema mimi, nikamwambia Bibi alifariki, 2021.

"Alifariki anajua sio mimi?"

Nikamwambia hapana. Alikuwa hajui.

Nikasikia anapumua. Akasema haya, hela imeingia kwa mume wangu, nimeiona. Akasema msalimieni Mama. Akakata.